Kupiga mbizi kwenye chemchemi za Florida: mwongozo kwa anayewaogopa mamba

Florida inakadiriwa kuwa na mamba milioni 1.3, na kati ya wilaya zake 67 hakuna hata moja isiyokuwa nao. Wako maziwani, mitoni, kwenye mabwawa ya viwanja vya gofu, hata kwenye mifereji ya maji ya mvua nyuma ya nyumba za watu. Jimbo hilohilo ndilo lenye chemchemi zinazovuta wapiga mbizi kutoka kila pembe ya dunia, maji maangavu kiasi kwamba ukiwa chini unaona matawi ya miti iliyo ukingoni. Kwa hiyo swali la "na mamba je?" halikwepeki, hasa kwa sisi tunaotoka nchi za Rufiji, Tana na Ziwa Tanganyika, ambako mamba si jambo la mzaha.

Jibu langu ni hili: mamba wa Florida umwogope ukiwa ukingoni na ukiwa unaelea juu ya maji. Ukishazama, kitu cha kuogopa ni pango. Hatua zote zinazofuata zimejengwa juu ya hilo.

Nimemwandikia mtu mwenye cheti cha kuzamia cha ngazi ya kwanza, pengine alichokipata Nungwi, Watamu au Mafia, na sasa yuko Marekani kwa kazi, masomo au matembezi. Kama huna cheti, anzia huko kwanza, maana sehemu nyingi nitakazozitaja hawakuruhusu kuingia na mtungi bila kukiona.

Hatua ya 1: Mjue mnyama mwenyewe

Mamba wa Marekani, anayeitwa aligeta, si mamba wa Nile. Pua yake ni pana na ya mviringo, rangi yake inakaribia weusi, na akifunga mdomo meno ya chini hayaonekani. Jike ni nadra kuzidi mita 3. Dume huweza kupita mita 4. Kitabia ni mpole kuliko ndugu yake wa Afrika. Tume ya wanyamapori ya Florida huhesabu, kwa wastani, kama watu 8 kwa mwaka wanaong'atwa bila kumchokoza mamba na kujeruhiwa kiasi cha kuhitaji matibabu, katika jimbo lenye watu zaidi ya milioni 20 ambao nusu ya maisha yao ni majini. Upole huo usiuhamishie Rufiji wala Ruzizi. Mamba wa Nile humwinda binadamu kwa makusudi, na hakuna ushauri wowote humu unaomhusu.

La pili la kujua ni joto. Mamba ni mnyama wa damu baridi. Huchangamka zaidi kati ya nyuzi 28 na 33 za Selsiasi, na chini ya nyuzi 21 hivi huacha kula. Sasa, maji ya chemchemi za Florida ya kaskazini na kati hutoka ardhini yakiwa na nyuzi 20 hadi 22, Januari na Agosti sawasawa. Ndiyo maana mamba anaweza kupita kwenye chemchemi, lakini mara nyingi hupenda zaidi mto wa maji ya uvuguvugu ulio jirani, au ukingo wenye jua. Hilo si dhamana, ila linakusaidia kujua pa kumtafuta kwa macho: kule maji ya chemchemi yanakochanganyika na ya mto, penye nyasi na matope.

La tatu, aliyezoea kulishwa ndiye mbaya kuliko wote. Kumlisha mamba Florida ni kosa la jinai, kwa sababu akishalishwa humwona kila mtu kuwa ni chakula kinachokuja. Sehemu watu wanaposafishia samaki na kutupa matumbo majini, au wanapoogesha mbwa, usiingie, hata kama maji yanakuita.

Hatua ya 2: Chagua mahali

Kwa mbizi ya kwanza kabisa, ukiwa na hofu isiyokuachia usingizi, nenda Devil's Den, karibu na mji wa Williston. Ni shimo lililozungukwa na mwamba, limefunikwa na paa la jiwe lenye tundu juu. Unateremka kwa ngazi hadi kwenye maji. Halijaungana na mto wowote wa juu ya ardhi, kwa hiyo mamba hana njia ya kawaida ya kufika. Kina chake ni kama mita 16. Hapo utajifunza maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, na uzito mpya bila kumfikiria mamba hata kidogo.

Baada ya hapo, Ginnie Springs, kando ya Mto Santa Fe karibu na High Springs. Ina chumba kikubwa cha mwamba chini ya maji, wanakiita ukumbi wa dansi, kina chake kama mita 15, na mwisho wake pamefungwa kwa nondo ili asiyefunzwa asiingie ndani zaidi. Ni moja ya sehemu chache ambako mwenye cheti cha kawaida anaruhusiwa kuingia na tochi na kuonja mandhari ya pango.

Troy Spring, karibu na Branford, ina kina cha kama mita 21, na kwenye mkondo wake kuna mabaki ya meli ya mvuke Madison, iliyozamishwa na mwenyewe mwaka 1863 wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe ili isiangukie mikononi mwa jeshi la kaskazini. Mbao za chini bado zinaonekana. Alexander Springs, ndani ya msitu wa taifa wa Ocala, ni bonde pana lenye ufuko wa mchanga na kina kisichozidi mita 9. Familia huogelea pale kila siku, na mamba huonekana zaidi chini ya mkondo. Mto Rainbow, Dunnellon, ni wa kuachia mkondo ukupeleke huku boti ikikufuata. Hapo uwezekano wa kumwona mamba ni mkubwa zaidi kuliko kote nilikotaja.

Wakulla Springs usiiweke kwenye orodha. Umma hauruhusiwi kuzamia pale kwa mtungi, na mamba wake ni wengi na wakubwa. Panda boti ya utalii, uwatazame.

Kuna aina nyingine ya mbizi ambayo mwenye cheti kipya namshauri akae mbali nayo: mito ya maji meusi, ambako watu huzamia kutafuta meno ya papa wa kale. Mwezi Mei 2021, kwenye Mto Myakka, mtafuta meno mmoja aling'atwa kichwani na mamba, mwezi ambao ni msimu wao wa kupandana. Aprili 2024, kwenye Mto Cooper huko South Carolina, mwingine alikuwa ameshapanda juu, yuko mbali na boti yake, mamba akamfuata akamkamata mkono na kumvuta hadi chini. Wote wawili waliokoka. Ukivisoma visa hivi kwa makini utaona mamba hakumkuta mtu ametulia chini kwenye maji maangavu.

Hatua ya 3: Chagua msimu na saa

Mamba hupandana Mei na Juni, majike hutaga mwishoni mwa Juni na Julai, na vitoto huanguliwa kuanzia katikati ya Agosti. Kipindi hicho dume anatembea sana, na jike aliye na kiota hana subira na mtu yeyote. Oktoba hadi Machi ndio muda mzuri. Kumbuka tu kwamba Blue Spring, kule Orange City, hufungwa kwa waogeleaji na wazamiaji wakati wa baridi, kwa sababu maji ya mto yakipoa kuliko ya chemchemi, nguva hukimbilia humo kutafuta joto. Nguva wanalindwa na sheria ya taifa. Ukiwakuta mahali pengine usiwaguse wala kuwafukuza.

Kuhusu saa: ingia asubuhi jua likiwa limeshapanda, toka mapema alasiri. Kati ya machweo na macheo ndipo mamba anapowinda. Mbizi ya usiku kwenye mto au ziwa la Florida mimi siipendekezi kwa mgeni, hata kama dukani watakuambia ni burudani.

Piga simu kituoni siku moja kabla. Mito ya Suwannee na Santa Fe ikifurika, maji yake ya rangi ya chai hurudi nyuma na kuifunika chemchemi yote. Unaweza kuendesha gari kwa muda wa saa nne ukakuta shimo la kahawa. Maji ya namna hiyo ni ya kuahirisha, si ya kuvumilia: huoni pango, humwoni mwenzako, na huoni kinachoelea juu yako.

Hatua ya 4: Vifaa

Aliyejifunza baharini atazama kama jiwe kwenye maji baridi asipopunguza risasi, yaani vipande vya uzito vya mkandani. Maji ya chumvi ni mazito kwa takriban asilimia 2.5 kuliko haya. Jipime wewe na vifaa vyako vyote: ukiwa na kilo 100 kwa jumla, toa kama kilo 2.5 kwenye mkanda, yaani paundi 5 na nusu kwa vipimo vya kule. Halafu ongeza kidogo kwa ajili ya suti nene, kwa sababu suti ya milimita 3 iliyokutosha Mnemba haitakutosha kwenye nyuzi 22. Vaa ya milimita 5 na kofia. Jaribu uzito wako kwenye kina kifupi kabla ya kwenda popote. Asiyeweza kuelea palepale bila kugusa chini atatimua matope, na matope ni balaa kuliko mamba.

Geji za Marekani husoma psi (kipimo cha shinikizo la hewa) na futi. Mtungi uliojaa ni psi 3000, ambazo ni kama baa 200; futi 100 ni mita 30. Kariri hizo mbili, na ukiwa dukani omba geji ya vipimo ulivyovizoea kama wanayo.

Bendera ya mzamiaji, nyekundu yenye mstari mweupe wa mshazari, ni lazima kisheria. Kwenye boya iwe angalau inchi 12 kwa 12, na mtoni usitoke zaidi ya futi 100 kutoka ilipo. Kazi yake ni kuwazuia wenye boti, lakini boya hilo lina faida ya pili nitakayoieleza chini.

Kisu kidogo cha kukata kamba kinatosha. Wale wanaoshuka na kisu cha kupigania mamba wanajifurahisha wenyewe.

Hatua ya 5: Usome ukingo kabla ya kuvaa mtungi

Hii ndiyo hatua watu wanaoiruka, na kwa maoni yangu ndiyo inayookoa. Fika, acha vifaa garini, simama mahali palipoinuka, na uutazame uso wa maji kwa robo saa bila kuzungumza.

Unatafuta vitu vinne. Kwanza, vinundu viwili vilivyotulia juu ya maji, macho na ncha ya pua. Makadirio ya wenyeji ni kwamba umbali kati ya macho na matundu ya pua, ukihesabiwa kwa inchi, ndio urefu wa mamba kwa futi: inchi 8, mamba wa futi 8, yaani kama mita 2.4. Pili, mahali matope ya ukingo yamesuguliwa laini kama njia ya kuteleza, huku nyasi zimelala pande mbili. Hapo ndipo anapotokea kuota jua. Ukiona mchirizi wa mkia katikati na kingo zake bado zina unyevu, ametoka si muda mrefu. Tatu, kichuguu cha majani makavu karibu na maji, ambacho huenda ni kiota. Nne, sauti: vitoto hulia kwa mlio mfupi mkali, na vina mistari ya njano mgongoni. Ukiviona, mama yuko jirani. Ondoka.

Kisha muulize mlinzi wa hifadhi au mhudumu wa duka la mbizi maswali mawili tu: "Mmemwona mamba wiki hii? Alikuwa upande gani?" Watakujibu bila kuona ajabu, ni swali la kila siku. Mamba wa chini ya mita 1.2 kwa kawaida hana shida na mtu mzima. Akiwepo mkubwa ndani ya eneo unalotaka kuzamia, hakuna mjadala, tafuta chemchemi nyingine. Florida inazo zaidi ya 1,000.

Hatua ya 6: Kuingia na kushuka

Ingieni wawili, sehemu iliyo wazi, penye mchanga au ngazi. Msipite kwenye magugu. Vaeni mapezi mkiwa mmesimama, kagueni vipumulio, na msianze kuogelea juu ya maji kwa dakika kumi kuelekea katikati. Zameni palepale, mwende chini kwa chini. Mtu anayeogelea juu, miguu ikipiga maji, kwa mamba anafanana na mnyama aliyejeruhiwa. Mtu wa chini, mwenye mapovu na mtungi unaovuma, hafanani na chochote anachokijua.

Anza dhidi ya mkondo ili urudi ukisukumwa. Hesabu ya hewa ipange kwa safari ya kurudi chini kwa chini: ukianza na psi 3000, geuka kwenye 1900, utafika ukingoni na kama 800. Anayegeuka akiwa na 1000 atalazimika kuibuka mbali na kuogelea juu, na hapo ndipo tusipotaka awe.

Kubalianeni ishara. Mikono miwili inayopigana mbele, juu na chini kama taya, wote wataielewa.

Ukimwona mamba ukiwa chini, mara nyingi yeye ndiye atakayeondoka. Usimfuate na kamera. Usipite juu yake, na usijiweke kati yake na uso wa maji, maana anahitaji kupumua na hatapenda kuzuiwa. Shuka karibu na sakafu, mgongo kwenye mwamba, mwenzako begani, mwende polepole hadi mtoke eneo lake. Na kumsumbua ni kosa la sheria, mbali na kuwa ni upumbavu.

Hatua ya 7: Pango

Kwenye midomo ya mapango mengi ya Florida, chini ya maji, pamesimamishwa kibao chenye picha ya mauti aliyeshika mundu. Kinasema usiendelee, na kwamba wazamiaji zaidi ya 300, wakiwemo wakufunzi, wamekufa kwenye mapango kama hilo. Msomaji aliyefika hapa akiwa bado anawaza mamba, airudie sentensi hiyo.

Wengi hufa kwa mtiririko uleule. Anaingia mita chache tu, maji ni maangavu kama hewa, mwanga wa mlangoni bado anauona. Pezi moja linagusa sakafu, vumbi la udongo linapanda, na kwa muda mfupi haoni hata geji yake. Hana kamba ya kumrudisha. Anapapasa ukuta, hewa inakwisha.

Waliofunzwa mapango hutumia theluthi ya hewa kuingia, theluthi kutoka, theluthi ya akiba, kamba isiyokatika hadi nje, na tochi tatu. Wewe huna mafunzo hayo, kwa hiyo kanuni yako ni fupi: kama ukitazama juu huoni anga, umepita mpaka. Ukumbi wa dansi wa Ginnie ndio nafasi yako. Kwenye matundu mengine ya Ginnie, asiye na cheti cha pango hukatazwa kubeba tochi, makusudi, ili giza lenyewe limrudishe.

Hatua ya 8: Kupanda

Simamisha kupanda kwenye mita 5, kaa dakika 3, na zungusha macho pande zote, hasa juu na kuelekea ukingoni. Panda mkiwa mgongo kwa mgongo, wima, mkono mmoja ukishika kamba ya boya. Kipumulio kibaki mdomoni na miwani usoni hadi mguu ukanyage ardhi. Watu wengi wakifika juu huvua kila kitu, wanaanza kupiga soga huku wakielea. Soga ni ya nchi kavu.

Ukimwona juu na hewa bado ipo, rudi chini, fuata sakafu hadi mahali pa kutokea. Hewa ikiwa imebana, jaza upepo jaketi la kuelea, kaa wima, rudi nyuma taratibu ukimtazama. Akikusogelea, weka kitu kati yenu: boya la bendera, kamera, au mgongo wenye mtungi wa chuma.

Akikushika, pigana. Mpige puani, mtie vidole machoni, usimwachie nafasi ya kuzunguka. Ndani kabisa ya mdomo wake, kooni, kuna kiwambo kinachozuia maji. Ukikisukuma maji huingia na mara nyingi huachia. Kipumulio usikiteme kwa hali yoyote. Ukitoka, nenda hospitali hata kama ni mkwaruzo, kwa sababu mdomo wa mamba una bakteria, na kidonda kidogo hugeuka kuwa usaha wa hatari.

Hatua ya 9: Baada ya mbizi

Suuza vifaa, kausha. Kama umezama zaidi ya mara moja, subiri saa 18 kabla ya kupanda ndege. Anayewahi ndege ya jioni Orlando azame jana yake.

Kuhusu kutoa taarifa, namba ya mamba wasumbufu Florida ni 866-392-4286. Itumie kwa aliyezidi mita 1.2 anayefuata watu, anayekaribia ngazi za kuingilia, au asiyekimbia akisogelewa. Wape jina la chemchemi, upande wa ukingo, na makadirio ya urefu. Usiipige kwa sababu tu umemwona akiota jua ng'ambo: anayeripotiwa kuwa msumbufu kwa kawaida hahamishwi, huja mtegaji mwenye leseni na huuawa.